Chumvi Niliikuta Humo

Sellah Nyaberi alikuwa mkaidi, na mimi Nyamoita nina haki ya kusema hivyo, kwa sababu tuliishi ukuta kwa ukuta katika laini za wafanyakazi wa chai, huku juu ya Mogogosiek, miaka ile ya hamsini. Akikohoa, nasikia. Akigombana na Ogari mumewe, nasikia, na siku ambazo Ogari alikuwa na hoja nzuri niligonga ukuta kumuunga mkono. Haikumsaidia. Siku hizi kuna watu wanaomsimulia Sellah kama mama mpole aliyenyamaza na kumwachia Mungu. Sijui wanamsema Sellah yupi. Huyu wangu hakunyamaza hata alipotakiwa kunyamaza, na nitaeleza jinsi alivyopigania jina la mtoto wake, maana wengi wameieleza habari hiyo na kuiharibu.

Kabla hajaolewa, Sellah alikuwa yaya kwa meneja mmoja mzungu wa shamba la chai. Mwaka wa hamsini na sita yule bwana akahamishiwa Seloni, nchi nyingine ya chai ng'ambo ya bahari. Watoto wake hawakukubali kulala bila Sellah, basi memsaabu akasema lazima aende nao. Walisafiri pamoja na familia nyingine ya kizungu kutoka Londiani, na yaya wa familia hiyo alikuwa msichana Mkikuyu aliyeitwa Muthoni. Wakapanda treni mpaka Mombasa, wakapanda meli, mwezi wa tano ukiisha. Kabla ya Krismasi Sellah alirudishwa nyumbani. Muthoni hakurudi. Alifia baharini na akazikwa humo humo majini, Sellah akiwa amesimama pale akitazama.

Hiyo ndiyo habari aliyorudi nayo, na hakuna aliyeiamini.

Kwanza ni lugha iliyomponza. Sisi Wakisii tuna neno moja tu la maji makubwa, enyancha. Ziwa la Kisumu ni enyancha. Bahari nayo ni enyancha hiyo hiyo, kwa kuwa wazee wetu hawakuwahi kuiona, na hawakuona haja ya kuitafutia jina lake peke yake. Sasa Sellah akisema alikaa juu ya enyancha siku nenda siku rudi bila kuona nchi kavu, watu walishika mbavu kwa kicheko. Kila mtu alikuwa na mjomba aliyefika Kisumu, na mjomba aliiona milima ya upande wa pili kwa macho yake. Huyu alikuwa anazungukazunguka humo akitafuta nini?

Pili ni upepo. Hapa kwetu upepo tunaujua. Unakuja alasiri na mvua ya mawe, unapiga majani ya chai mpaka nyapara anatamani kulia, kisha unakwenda zake na jua linatoka. Sellah alisema ule wa baharini hauendi zake. Walipoiacha pwani nyuma ulianza kuvuma kutoka upande mmoja, mchana na usiku, kwa nguvu ile ile, na mabaharia wakamwambia ndio kwanza umeanza, utaendelea hivyo mpaka mwezi wa tisa. Waliuita kusi.

"Upepo wa miezi minne bila kupumzika," Ogari alimwambia, wakati huo akiwa bado anamchumbia. "Huo ni upepo au ni serikali?"

Laini nzima ilicheka. Sellah akamjibu kwamba yeye hata upepo wa kupuliza moto jikoni unamshinda, na mwaka uliofuata wakaoana. Ndivyo walivyokuwa wale wawili.

Lakini kabla ya harusi alikwenda Londiani kumpa mama yake Muthoni habari, na akaniburuta na mimi. Wazungu wa Muthoni walikuwa wamebaki Seloni, na kama walituma neno lolote halikufika. Tulimkuta yule mama shambani akichimba viazi. Alikuwa mama mfupi, mikono imejaa udongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Jirani yake Naftaly, muuza viazi, akaja kutafsiri.

"Mwambie Muthoni amekufa," Sellah akasema. "Amezikwa baharini."

Naftaly akasema kwa Kikikuyu, na ndani yake nikasikia neno moja, iria. Mama akauliza kitu.

"Anauliza ni ziwa gani," Naftaly akasema.

"Si ziwa. Ni bahari."

"Ndiyo nimemwambia. Iria."

"Iria ni nini?"

"Ni ziwa. Au bahari. Kwetu ni neno moja. Hata maziwa ya ng'ombe ni iria."

Nikamwona Sellah anafumba macho. Alikuwa ametoka kwenye enyancha yetu akaingia kwenye iria yao, na kote hakuna pa kutokea.

"Mwambie maji yake ni ya chumvi," akasema.

Mama aliposikia hivyo uso wake ukafunguka kidogo. Basi ni Nakuru, akasema. Ziwa la Nakuru ni chumvi, kila mtu anajua. Sellah akasema si Nakuru. Mama akauliza basi ni Naivasha? Tukaendelea hivyo mpaka jua likawa kali, na tulipoondoka yule mama alikuwa anatushukuru kwa kumwonyesha mahali pa kwenda kutafuta kaburi la binti yake. Njia nzima Sellah alikuwa na hasira, na mimi pia nilikuwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Na mama alikwenda kweli. Ilikuwa bado Hali ya Hatari, Mkikuyu hatembei bila kibali, lakini akahangaika mpaka akakipata. Akazunguka Nakuru, akaenda Naivasha, akiuliza kila mtu ni wapi wazungu walimzika msichana mweusi kando ya maji. Walimwambia hakuna. Akarudi Londiani akituma maneno kwetu: mwanangu yuko hai, na yule msichana wa Kisii anaficha kitu. Wengine wakaongeza yao, kwamba Muthoni alikuwa ametorokea msituni kwa wapiganaji na hadithi ya meli ilikuwa ya kumkinga. Askari wakaja kupekua nyumba ya yule mama mpaka chini ya viazi. Siku habari hizo zilipofika kwetu Sellah alikuwa ameshaolewa, na nilimsikia kupitia ukuta akilia kwa sauti, na Ogari hakufanya mzaha.

Mwaka wa hamsini na nane akazaa mtoto wa kike.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa. Ndivyo ilivyo, ndiyo njia ya kumrudisha nyumbani. Na jina la mtu aliye hai hatulichukui hivi hivi, maana ni kama kumchimbia kaburi akiwa anatembea. Ogari alitaka mtoto aitwe Elmina, jina la marehemu mama yake, lakini Sellah akakataa katakata.

"Mama yako ana wajukuu tele wenye jina lake," nikamsikia akisema. "Muthoni hakuacha mtoto hata mmoja. Huyu ni Muthoni."

"Mtoto wa Kikisii aitwe Muthoni? Wakati kama huu?"

"Wakati kama huu."

Niligonga ukuta. Sellah akanigongea na yeye, kwa nguvu zaidi.

Sasa, jina la ubatizo lilikuwa lazima lipite mikononi mwa Mzee Zacheus Nyamwange. Mzee Zacheus alikuwa nyapara juma lote na mzee wa kanisa siku ya Jumapili, na kazi zote mbili alizifanya kwa sauti moja. Zaidi ya hayo, pale shambani yeye ndiye aliyekuwa mtu wa maji makubwa. Ujanani alipakia mizigo bandarini Kisumu, na kila mwaka alituhubiria habari ya Bwana Yesu na wanafunzi ndani ya mashua, akipiga mimbari kwa ngumi kutuonyesha mawimbi. Tuliyapenda mahubiri hayo, kusema kweli. Mimi nilikuwa nasikia kizunguzungu. Halafu Sellah akarudi kutoka safari yake, akayasikiliza, na pale nje ya kanisa akasema mbele ya watu, "Yale ni ya ziwa, Mzee. Sisi tuliomba wote, na upepo haukutulia." Tangu siku hiyo Mzee Zacheus alimtazama kama jiwe lililoingia kwenye kiatu.

Basi alipoletewa jina la Muthoni alilikataa. Akasema huwezi kumpa mtoto jina la marehemu ambaye kaburi lake halijulikani, tena mama mzazi wa huyo marehemu anasema yuko hai. Wewe ni nani umfukie mtoto wa watu? Akaweka sharti. Mchungaji atakapokuja kubatiza, Sellah asimame mbele ya kanisa atubu uongo wake wa baharini, achague jina lingine, na mambo yaishe. Asipotubu, mtoto habatizwi, na yeye atakaa nje ya Meza ya Bwana.

"Ni neno moja tu," Ogari akamsihi. "Sema ulikosea. Mungu mwenyewe anajua ulichokiona."

"Anajua. Ndiyo maana siwezi."

Nilimwonea huruma Ogari. Lakini nilikuwa nimeanza kumwonea Mzee Zacheus hasira, na hiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Ibada yetu ilikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mle ndani tulikuwa Wakisii, Wakipsigis na Wajaluo, na siku hiyo kulikuwa na Wakikuyu wawili. Mzee Zacheus alikuwa ametuma watu Londiani wamlete mama yake Muthoni awe shahidi. Mama alikuwa ameketi benchi ya mbele, leso mpya kichwani, na Naftaly pembeni yake wa kumtafsiria. Sellah alipoingia na mtoto na kumwona, akasimama palepale. Nilidhani atageuka arudi nyumbani. Akamwamkia yule mama kwa kichwa, akaenda kuketi.

Wakati ulipofika Mzee Zacheus akasimama. Akasema kwa upole, maana mchungaji alikuwa anatazama.

"Dada Sellah, hakuna anayekuchukia hapa. Sote tunajua msafiri anavyopenda kunogesha. Simama, sema tu kwamba ulitia chumvi kidogo, na mtoto wako apate maji."

Sellah akasimama, mtoto begani.

"Chumvi sikutia mimi, Mzee," akasema. "Niliikuta humo."

Kanisa likacheka. Hata mchungaji aliinamisha uso kwenye kitabu chake. Mzee Zacheus hakucheka.

"Hii ni nyumba ya Mungu. Kiswahili kina neno la ziwa na kina neno la bahari. Sema ziwa, tumalize."

"Ziwa lina ng'ambo," Sellah akasema. "Kama mnataka nishuhudie, nitashuhudia. Ila sitatubu." Akamgeukia mchungaji. "Tulipotoka Mombasa maji yalikuwa ya buluu, na Muthoni alikuwa akiwaimbia watoto. Halafu mbingu zikawa za kijivu, mawingu yakashuka chini, na upepo ukaja kutoka nyuma yetu, upande wa kulia. Haukupiga na kuacha kama wa hapa. Ulisukuma tu. Mvua ilikuja imelala, haianguki, inapita. Na mawimbi, mnaijua milima hii ya chai, unavyopanda na kushuka kutoka hapa mpaka Sotik? Sasa milima hiyo itembee. Inakuja kwa nyuma, inainua mkia wa meli, meli inalala ubavu, inaamka, inalala ubavu wa pili. Juu inapasuka nyeupe, na upepo unalichota lile povu na kukurushia usoni. Madirisha walifunga kwa vyuma, ndani kukawa na joto la kikaushio cha kiwandani. Walifunga kamba njiani ili watu washike wakitembea. Bwana alitapika, memsaabu alitapika, na mchungaji mzungu aliyekuwa humo alitapika ndani ya kofia yake. Tuliobaki tumesimama ni Muthoni na mimi, tukawahudumia wote."

Hakuna aliyecheka hapo. Naftaly alikuwa ananong'ona sikioni mwa yule mama, akijitahidi kufuatana na maneno.

"Watoto walikuwa hawajala kitu. Muthoni akasema anaenda jikoni kuwatafutia maziwa. Akapanda ngazi ya chuma, meli ikalala ubavu, akaangukia kichwa. Nilipofika alikuwa ameshakufa. Kesho yake wakamshona kwenye turubai na vyuma miguuni, tukapanda juu. Yule mchungaji akasoma kitabu, na sikusikia hata neno moja, upepo ulichukua yote. Basi nikaomba. Sikuomba ukome. Niliomba unyamaze kidogo tu, lile jina lisikike likisomwa. Haukunyamaza. Wakainua ubao, akaenda."

Akamhamishia mtoto bega la pili.

"Hapa ndani hakuna upepo," akasema. "Nataka jina lake lisomwe na watu wasikie. Hilo tu ndilo ninalotaka."

Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema. Lakini Mzee Zacheus alikuwa na shingo ngumu karibu sawa na ya Sellah.

"Uliomba, na upepo haukunyamaza?"

"Haukunyamaza."

"Basi hukuwa na imani."

"Nilikuwa nayo, Mzee. Hata sasa ninayo, na ndiyo inayonikataza kusema uongo katika nyumba hii ili mtoto wangu amwagiwe maji. Kama ni lazima akae bila maji, atakaa. Nitamwita Muthoni shambani, nitamwita Muthoni mtoni, nitamwita Muthoni mlangoni pako ukiwa unakula. Na wewe utalisikia."

Mchungaji alikuwa amefungua kinywa kusema jambo. Ndipo Naftaly akasimama, anapapasa kofia yake.

"Samahani. Mama ana swali. Anauliza, huo upepo ulikuwa unatoka mlima gani?"

Watu wakatazamana. Lilikuwa swali la mtu wa Londiani, ambako upepo wowote unashuka kutoka mlima fulani na watu wanaujua kwa jina la mlima huo. Nami nikakumbuka kwamba mama huyu alikuwa amesimama kando ya Nakuru na kando ya Naivasha, na kote huko milima imeyazunguka maji. Sellah akashuka mpaka kwenye benchi yake. Akapiga goti mbele yake, mtoto mkononi, na akasema polepole kwa maneno mepesi ambayo mama angeweza kuyashika mwenyewe.

"Hakuna mlima, mama. Huku hakuna. Huku hakuna. Nyuma hakuna, mbele hakuna. Siku ile nilizunguka meli yote nikitafuta hata kilima kimoja, nije nikuambie mtoto wako yuko karibu na mahali gani. Hakuna, mama. Ni maji na upepo tu mpaka mwisho."

Naftaly akaanza kutafsiri, mama akamzuia kwa mkono. Akakaa akimtazama Sellah. Mzee Zacheus akakohoa, akasema, "Mama, waambie watu wa Mungu. Binti yako yuko hai, ama sivyo?"

Mama aliinuka, akanyoosha mikono, na Sellah akampa mtoto. Akambeba mpaka mbele alipokuwa mchungaji na bakuli la maji, Sellah na Ogari wakimfuata nyuma, na Mzee Zacheus akalazimika kusogea ili wapite.

Mchungaji akauliza jina la mtoto. Sellah akavuta pumzi ajibu, lakini mama alitangulia, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa mlangoni.

"Muthoni," akasema. "Ile ingine amekufa."